Maumivu chooni: si kila damu ni bawasiri

Msomaji, wiki hii tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulificha hata kwa mke au mume. Unaenda haja kubwa, unahisi kana kwamba umepitisha kipande cha chupa, na ukijipangusa unaona damu nyekundu kwenye karatasi. Unapoinuka uchungu hauishi. Unakuandama saa nzima, pengine saa tatu au nne, ukichoma na kupwita, hadi unaketi kwenye matatu kwa paja moja.

Mtu akifikwa na hali hii hujiambia, "Hii ni bawasiri." Hununua tembe dukani au chupa ya mitishamba sokoni, na miezi sita baadaye bado anateseka. Mara nyingi maradhi yenyewe si bawasiri hata kidogo. Ni mpasuko wa njia ya haja kubwa, yaani ufa mdogo kwenye ngozi laini ya mlango wa haja, ambao kwa kawaida hauzidi urefu wa sentimita 1 hivi. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba, na ile ya ndani hutoa damu lakini kwa kawaida haiumi. Mpasuko huuma kama kisu.

Kwa nini kidonda kidogo hivyo kisipone haraka kama mchubuko wa mkono? Mlango wa haja umezungukwa na misuli miwili iliyo kama pete. Wa nje unautawala wewe. Ndio unaoukaza ukiwa kwenye foleni ya choo. Wa ndani haukutii, bali hujikaza na kulegea wenyewe. Ngozi ikipasuka, msuli huu wa ndani hushtuka na kujikaza kwa nguvu, ukabana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye ngozi hiyo, hasa upande wa nyuma kuelekea kifandugu, ambako tangu mwanzo damu haifiki kwa wingi. Ndiyo maana mipasuko kama 9 kati ya 10 hutokea upande huo. Kidonda kisichopata damu hakiponi. Naye mgonjwa, kwa kuogopa uchungu, huahirisha kwenda haja. Choo hukauka, na siku ya tatu hutoka kigumu na kupasua palepale.

Maisha yetu ya Kitengela yanauchochea ugonjwa huu. Unaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi kazi Athi River au Nairobi, kabla tumbo halijaamka. Haja inakujia ukiwa katikati ya msongamano wa Mombasa Road, nawe unaizuia. Ukifika kazini, haja imekwisha kupotea. Mchana ni chapati, usiku ni ugali wa unga mweupe uliokobolewa, na Jumamosi ni nyama choma na kachumbari kidogo ya kuonja. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, ya kunywa yananunuliwa kwa mtungi, basi watu huyanywa kwa kipimo. Kwa jamaa zetu wafugaji wa Kajiado, wanaotegemea maziwa na nyama na mboga ni nadra, kufunga choo si jambo geni. Siilaumu nyama, nami naila. Nalaumu sahani isiyo na mboga.

Wanaofikwa zaidi ni vijana na watu wa makamo, akina mama waliojifungua karibuni, na watoto. Tembe za madini ya chuma wanazopewa wajawazito hufanya choo kuwa kigumu, na vilevile dawa za maumivu zenye kodeini. Kuhara kwa siku nyingi nako huweza kupasua ngozi hiyo.

Habari njema ni kwamba mpasuko mpya mara nyingi hupona bila kisu. Kazi ya kwanza ni kulainisha choo na kukiweka laini kwa wiki 6 hadi 8, hata baada ya uchungu kwisha. Hapa ndipo wengi huharibu: siku ya tano wanajisikia vyema, wanarudia desturi zao, na kidonda kinafunguka. Kula sukuma wiki, maharagwe, ndengu, githeri, papai, na ugali wa mahindi yasiyokobolewa, uliosagwa kwenye posho mill. Ongeza polepole, la sivyo tumbo litajaa gesi. Kunywa maji ya kutosha hadi mkojo wako uwe mweupe. Ikiwa chakula hakitoshi, daktari atakupa dawa ya kulainisha choo kama laktulosi. Usinywe chumvi ya haluli kwa kutaka kusafisha tumbo, maana kuhara kutakuumiza upya.

Pili, keti ndani ya karai lenye maji vuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, na hasa baada ya haja. Joto huulegeza ule msuli uliojikaza. Usitie sabuni wala dawa ya kuua viini. Chooni usijikamue, wala usikae nusu saa ukisoma simu.

Mpasuko uliopita wiki 8 huwa sugu. Kingo zake hukakamaa, na pembeni huota kinyama kidogo cha ngozi, ambacho wengi hukigusa na kuapa kuwa ni bawasiri. Hapo kuna marhamu za kulegeza msuli. Moja ni ya nitrogliserini, dawa iliyojulikana kwanza kwa maumivu ya moyo. Mwaka 1997 madaktari wa Nottingham, Uingereza, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa inaponya mipasuko mingi. Huleta maumivu ya kichwa, na mwanamume anayetumia Viagra asiiguse, kwa maana shinikizo la damu laweza kushuka kwa hatari. Nyingine ni ya diltiazemu, isiyoumiza kichwa sana. Zote zataka maagizo ya daktari.

Zikishindwa, kuna upasuaji mdogo wa kukata sehemu ya msuli wa ndani, njia ambayo daktari Stephen Eisenhammer wa Afrika Kusini aliieleza mwaka 1951 na ambayo imeboreshwa tangu hapo. Huponya zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10. Wachache hubaki wakitokwa na hewa bila kutaka, kwa hiyo muulize mpasuaji kabla ya kutia sahihi. Anayekuahidi kukuchoma sindano au kukupaka dawa ya kuunguza katika chumba cha nyuma ya duka, mkimbie.

Usingoje wiki 8 iwapo damu ni nyeusi au imechanganyika na choo, unakonda, choo kimebadilika bila sababu, au una homa na uvimbe unaopwita. Homa na uvimbe huenda vikawa jipu. Hizo nyingine huweza kuwa dalili za saratani ya utumbo mpana, ambayo humpata hata mtu wa miaka 30. Mpasuko ulio ubavuni badala ya nyuma au mbele nao hutulazimu kutafuta kifua kikuu, kaswende, virusi vya ukimwi au ugonjwa wa matumbo.

Anza na hospitali ya Kitengela au ya rufaa ya Kajiado, au kliniki iliyo karibu. Ukiona haya kumweleza karani mbele ya foleni, sema tu "tatizo la tumbo," kisha mweleze daktari mlango ukifungwa. Mara nyingi atatazama kwa nje tu, akiachanisha makalio taratibu. Ikiwa uchungu ni mkali, una haki ya kumwambia asiingize kidole siku hiyo.