Kinyume si kukanusha: neno "inverse" kati ya hesabu na kauli ya kutendua

Wakati wa likizo huko Nyabiondo, mdogo wangu alinionyesha daftari lake la hesabu. Swali lilikuwa kwa Kifaransa: toa "inverse" ya 3. Alikuwa ameandika −3, na jibu lilikuwa limepigwa mstari mwekundu.

"Yaya, inverse haiko kinyume? Na kinyume cha 3 haiko −3?"

Ninasoma lugha, lakini sikuweza kumjibu papo hapo. Makala hii ni jibu nililompa baadaye.

1. Neno moja, maswali mawili

Katika mazungumzo ya kila siku, kinyume ni neno pana. Mrefu ni kinyume cha mfupi. Mtu hutenda kinyume cha ahadi yake. Kifaransa cha mitaani nacho hutumia "inverse" hivyo hivyo. Darasani, hata hivyo, Kifaransa hutenganisha: −3 ni "opposé" ya 3, na 1/3 ndiyo "inverse" yake. Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili hupata neno moja kwa yote mawili.

Je, Kiswahili kimekosea? Hapana. Chukua 5, ujumlishe 3, upate 8. Ukijumlisha −3 unarudi kwenye 5. Sasa zidisha 5 kwa 3, upate 15. Ukizidisha kwa 1/3 unarudi tena kwenye 5. Kwa hiyo −3 na 1/3 zote ni kinyume cha 3, moja katika kujumlisha, nyingine katika kuzidisha. Kinachogeuzwa ni tendo. Anayeuliza "kinyume cha 3 ni nini?" bila kutaja tendo ameuliza nusu ya swali.

2. Kitenzi kinajua zaidi ya nomino

Sarufi yetu inayo kauli ya kutendua: funga, fungua, kunja, kunjua, pakia, pakua, choma, chomoa. Kiambishi ni -u-, au -o- panapokuwa na o katika mzizi. Kwetu wengi husema "fungula mulango". Hiyo l si kosa la kienyeji tu. Ni sauti ya kale ambayo Kiswahili sanifu kimeiacha mwishoni lakini kinaihifadhi katika fungulia na funguliwa. Tuwe waangalifu: si kila kitenzi chenye -ua kinatendua. Nunua na chagua havitendui kitu.

Sasa linganisha "sikufunga mlango" na "nimefungua mlango". Sentensi ya kwanza inakanusha: tendo halikufanyika. Ya pili inakubali kwamba mlango ulikuwa umefungwa, kisha inaurudisha ulivyokuwa. Hiyo ndiyo maana ya kihesabu ya kinyume: tendo la pili linaloturudisha pale tulipoanzia.

3. Mpangilio hugeuka pia

Mwendesha pikipiki anayetoka Nyabiondo na bidoni za mawese huzipakia kwanza, kisha huzifunga kwa mpira. Akifika, huanza kufungua, ndipo apakue. Akijaribu kupakua kabla ya kufungua, hatoi hata bidoni moja. Hesabu ina kanuni hiyo hiyo: ukizidisha kwa 2 kisha ukajumlisha 3, kurudi ni kutoa 3 kwanza, halafu kugawanya kwa 2.

4. Yasiyotenduka

Choma kisu katika ndizi, unaweza kukichomoa. Choma mahindi kwenye makaa, hakuna kuyachomoa. Vunja, saga na pika havina kauli ya kutendua, na sababu iko nje ya sarufi: kuna kitu kilichopotea. Katika hesabu, kuzidisha kwa 0 huleta 0 daima, kwa hiyo haiwezekani kujua namba ya mwanzo, na 0 haina "inverse". Vivyo hivyo, 3 × 3 ni 9, na −3 × −3 ni 9. Mwenye 9 peke yake hajui ilitoka wapi.

Watu wa Masisi na Walikale wamekimbia vita mara nyingi. Wakija tena tunasema wamerudi. Lakini kimbia haina umbo la kutendua, na anayekuta shamba limekuwa kichaka na nyumba haina bati anaelewa kwa nini.

5. Kwa sisi tutakaofundisha

Wengi wetu tutasimama mbele ya wanafunzi wanaosoma hesabu kwa Kifaransa na kuifikiria kwa Kiswahili. Napendekeza tusianze na nomino. Tuanze na funga na fungua, tuulize "ni tendo gani linaloturudisha?", ndipo tulete "opposé" na "inverse".

Mdogo wangu alifuta −3, akaandika 1/3. Kisha akaongeza pembeni, kwa penseli: "katika kuzidisha". Maneno hayo mawili ndiyo yaliyokosekana katika swali.