Kabureta mpya, nguvu hakuna

Swali: Nimeifungia Hilux yangu ya zamani, injini ya 22R, kabureta ya Weber 32/36. Milimani haina nguvu, na nikiachia mafuta sailensa haishuki. – Msomaji, Nyamigogo

Jibu: Usiilaumu kabureta kabla ya kukagua kebo ya mafuta. Weber hiyo ina midomo miwili: wa milimita 32 hufunguka kwanza, wa milimita 36 hufuata pedeli ikizama zaidi. Kebo ikilegea, wa pili haufunguki wote, na gari linachoka mlimani.

Zima injini, toa chujio la hewa, choki iwe wazi. Mtu akanyage pedeli hadi sakafuni, wewe uchungulie: vipepeo vyote viwili visimame wima. Akiachia, mkono wa kabureta urudi wenyewe hadi kwenye skrubu ya sailensa. Usiporudi, tafuta kebo iliyopinda au springi iliyochoka. Funga springi mbili. Moja ikikatika mteremkoni, nyingine itakuokoa.

Mkono ukirudi vizuri na sailensa bado iko juu, huenda gasketi ya bamba lililo chini ya kabureta inavuta hewa. Ibadilishe, kisha kaza nati kidogo kidogo, kwa kupishana.