Ukingo wa Ziwa: Somo kwa Wavuao kwa Ndoana

Watu wa Shinyanga hawana ziwa mlangoni pao, walakini samaki wa Ziwa Victoria hufika sokoni kwao, wabichi na wakavu. Kwa hiyo wengi wetu twamjua sato katika sufuria, wala hatumjui majini. Siku hizi wapo watu ambao mwisho wa juma huondoka wawili wawili kwenda upande wa Geita, penye ufuko wa Nungwe, Nkome au Chato, ili wavue kwa ndoana na kupumzika. Jambo hilo ni jema. Lakini yafaa mtu apajue mahali anaposimama, kwa kuwa ukingo wa ziwa si mahali patupu. Hapo ndipo samaki wanapolelewa, na hapo ndipo hatari za maji zinapokaa. Mwezi huu twataka kujifunza habari za ukingo huo.

1. Vyombo na ruhusa

Mvuvi wa ndoana hahitaji vitu vingi: mwanzi, mshipi, chubwi ya kuuzamisha, ndoana, na chambo. Sato hupenda nyungunyungu. Sangara hula samaki wenziwe, basi yeye hutegewa dagaa au furu. Ukifika mwaloni, usitupe mshipi kabla ya kuwaamkia wenyeji. Waulize wazee wa mwalo na wale waliowekwa kulinda mali ya ziwa habari za leseni, na mahali palipokatazwa.

2. Malezi ya samaki

Sato dume huchimba shimo kama bakuli chini ya maji machache. Jike hutaga mayai humo, kisha huyachukua kinywani mwake na kuyatunza mpaka yaanguliwe. Hata watoto wakiisha kuogelea, wakiona hatari hurudi kinywani mwa mama yao. Baadaye hukaa katika matete na mafunjo ya ukingoni mpaka wapate nguvu.

Ndiyo sababu kokoro, yaani wavu mrefu uvutwao kutoka majini mpaka ufukoni, limekatazwa katika Tanzania. Hukokota chini yote, likavunja mashimo ya sato na kuwachukua wakubwa na wadogo pamoja. Sheria yakataza pia kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, na sato aliye chini ya sentimita 25.

Shauri hili si jipya. Katika miaka ya 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, alilipima ziwa, akaona ya kuwa samaki wa asili aitwaye ngege alikuwa akipungua kwa ajili ya nyavu. Akashauri macho ya nyavu yasiwe madogo kuliko inchi 5. Tena alionya ya kuwa kuleta samaki mkubwa alaye wenziwe, bila uchunguzi mwingi kwanza, kungekuwa na hatari. Walakini sangara aliletwa katika miaka ya 1950 na kuendelea, naye alipoongezeka sana katika miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilitoweka. Hata hivyo, leo huyo sangara ndiye riziki ya watu wengi sana, na yeye naye huweza kumalizwa.

3. Swali la rafiki

Tulipokwenda Nungwe siku moja ya Jumamosi, rafiki yetu ndiye aliyebahatika kwanza. Alimvuta sangara mzuri, lakini tulipompima hakufika sentimita 40. Rafiki akasema, "Ndugu yangu, tangu alfajiri hatujapata kitu, na nyumbani wanangoja samaki. Huyu mmoja akitoka, ziwa lote litapungukiwa nini?"

Swali hili ni zito, nalo lataka jibu la haki. Ni kweli kwamba samaki mmoja hapunguzi ziwa. Lakini maneno yayo hayo husemwa na mtu wa pili aliye karibu nasi, na wa tatu katika mwalo mwingine, na yule avutaye kokoro usiku huyasema vilevile. Tena sangara jike wa kimo kile hajazaa bado, na akiachwa akue hutaga mayai kwa mamilioni. Zaidi ya hayo, mvuvi wa ndoana ana nafasi asiyo nayo mwenye kokoro: samaki wake huja mmoja mmoja, naye yu hai. Basi alowanishe mikono, aitoe ndoana taratibu, amrudishe majini upesi.

Rafiki yetu alinyamaza kidogo, kisha akamrudisha. Jioni tulikuwa na sato wawili tu wa kimo cha halali. Yeye akanunua dagaa mwaloni, akawapelekea watu wake.

4. Hatari za ukingoni

Kwanza, kichocho. Kinyesi cha mgonjwa kikiingia ziwani, vijidudu vya ugonjwa huingia katika konokono wa maji machache. Humo huongezeka, kisha hutoka, hasa jua likiwa kali, na kupenya ngozi ya mtu aliye majini, naye hana habari. Basi vua ukiwa juu ya jiwe au mchanga mkavu. Ikiwa umeingia majini, nenda hospitali baadaye ukapimwe, maana dawa ipo, iitwayo prazikwanteli. Na ajisaidiaye ufukoni ajue ya kuwa amwandalia mwenziwe ugonjwa.

Pili, mamba na kiboko. Usivue peke yako, wala usikae penye matete mengi wakati wa giza. Mmoja akitazama mshipi, mwenziwe na atazame maji.

Tatu, zebaki. Katika nchi ya dhahabu wachimbaji wadogo huitumia kukamata dhahabu, nayo huweza kuchukuliwa na mvua mpaka vijitoni na ziwani, ikaingia katika miili ya samaki. Basi usivue penye mlango wa kijito kitokacho machimboni.

Wazee husema, samaki mkunje angali mbichi. Walimu wakiwafundisha watoto kumpima samaki kabla ya kumtia kikapuni, watakuwa wamewapa elimu itakayowafaa hata wakiwa na mitumbwi yao wenyewe.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini kokoro huharibu zaidi kuliko ndoana?
2. Taja njia mbili za kujilinda na kichocho ufukoni.
3. Kama ungalikuwa wewe karibu na rafiki yule, ungalimjibu nini?