Mluzi Ndani ya Spika: Jinsi ya Kutafuta Kelele katika Redio ya Gari

Baada ya mashairi na insha za wenzangu, nimeonelea nilete somo la ufundi. Wako wanaodai ati Kiswahili hakiwezi kueleza mambo ya umeme. Mjomba wangu ni fundi wa waya za magari, na kila likizo mimi humshikia tochi na spana. Bado sijamsikia akikwama kwa kukosa neno. Haya basi, tuanze.

Gari linaweza kuwa na redio nzuri na spika nzuri, na bado muziki ukatoka umechanganyika na mluzi kama wa mbu. Kelele hii huwatia watu hasara. Mwenye gari akiisikia tu, anasema spika zimekufa, ananunua nyingine. Mluzi uko palepale. Anauziwa kichujio cha kelele, anakifunga, mluzi bado. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, yafaa ajue kelele imeingilia mlango gani.

Kwanza sikiliza. Mluzi unaopanda dereva akikanyaga mafuta na kushuka akiachilia, huo asili yake ni alteneta, ile mashine inayochaji betri. Waliosoma fizikia watanielewa upesi. Alteneta huzalisha umeme wa kwenda na kurudi, kisha daiodi zake huunyoosha uende upande mmoja. Lakini haunyooki kabisa. Hubaki na vijiwimbi. Alteneta nyingi zina ncha 12 za sumaku, na hizo hutoa vijiwimbi 36 kila inapozunguka mara moja. Tuseme injini inazunguka mara 800 kwa dakika, na puli inaifanya alteneta izunguke mara mbili na nusu zaidi, yaani 2,000. Zidisha kwa 36, gawanya kwa 60: unapata vijiwimbi 1,200 kwa sekunde. Sikio la binadamu husikia kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde, kwa hiyo hapo ni katikati kabisa. Injini ikifika 2,000, vijiwimbi vinakuwa 3,000. Ndiyo maana mluzi hupanda.

Sasa mtu atauliza, mbona magari mengine yana alteneta na hayapigi mluzi? Jibu mara nyingi liko kwenye waya wa ardhi, ule mweusi unaofungwa kwenye bodi ya gari. Bodi yenyewe ndiyo njia ya umeme kurudi kwenye betri. Bolti ikiwa na kutu au rangi, panakuwa na ukinzani. Kumbukeni kanuni ya Ohm, V = I × R. Ampea 20 zikipita penye ukinzani wa omu 0.01 tu, tayari kuna tofauti ya volti 0.2. Na sauti inayotoka kwenye redio kwenda kwenye amplifaya huwa kama volti 2 hivi, pengine chini ya hapo. Kwa hiyo redio ikifungwa ardhi mahali pamoja na amplifaya mahali pengine pabovu, vile vijiwimbi hupitia kwenye waya wa sauti na kukuzwa pamoja na muziki.

Likizo iliyopita ililetwa matatu ya watu 14. Dereva na kondakta walikuwa wameshachanga pesa za amplifaya mpya, kwa sababu fundi mwingine aliwaambia ya zamani imeungua. Pesa zenyewe zilikuwa za kugawana Jumamosi.

"Fundi, si hii imekufa tu?" kondakta aliuliza.

"Ngoja kwanza, kijana wangu. Zima injini."

Injini ikazimwa, muziki ukaendelea bila mluzi. Ikawashwa, mluzi ukarudi. Mjomba akapunguza sauti ya redio hadi mwisho. Muziki ukapotea, mluzi ukabaki vilevile. Hapo nikaelewa: kelele ilikuwa inaingia baada ya kitasa cha sauti. Ingekuwa inapungua pamoja na muziki, tungeitafuta kwenye redio yenyewe au nyuma yake. Akazima amplifaya (usichomoe waya wa sauti ikiwa inawaka, mshindo wake unaweza kuharibu spika), akachomoa zile waya zenye vichwa vyekundu na vyeupe, akaiwasha tena. Kimya! Kumbe amplifaya ilikuwa nzima kabisa. Bolti yake ya ardhi chini ya kiti cha nyuma ilikuwa imekazwa juu ya rangi. Tulikwangua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, tukafunga waya mfupi na mnene. Zile waya za sauti zilikuwa zimefungwa pamoja na waya mkubwa wa betri. Tukazihamishia upande wa pili wa gari. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba, zisilale pamoja. Mluzi ukaisha, na pesa za watu zikarudi mfukoni.

Kuna kelele nyingine ambazo nitazigusia tu. Mlio wa tik-tik unaokwenda na mwendo wa injini ya petroli hutoka kwenye plagi au waya zake. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, usipoteze muda huko. Ukicheza muziki wa simu kwa waya huku simu inachaji kwenye gari hilohilo, mluzi ukatokea, chomoa chaja. Ukikoma, umeshapata mlango. Na chaja za bei rahisi huweza kuchafua stesheni za FM zenyewe, hata bila waya wa sauti.

Mluzi ukianza ghafla kwenye gari lililokuwa zima, na taa zinacheza-cheza, hapo msifikirie muziki. Weka mita kwenye betri injini ikiwaka, uipime volti za umeme wa kwenda na kurudi. Ikizidi nusu volti, shuku daiodi ya alteneta. Gari la namna hiyo hupata chaji pungufu, na linaweza kukuacha barabarani usiku. Mjomba akilikuta, huiacha redio jinsi ilivyo na kufungua alteneta kwanza.