"Au" ya Kamituga

Rafiki yetu alisimamisha masomo ya kemia, akaenda kuchimba Kamituga. Kwenye kundi la WhatsApp tukamuuliza: "Masomo ao shimo?" Akajibu: "Au."

Tulicheka. Au ni alama ya dhahabu, namba 79, kutoka Kilatini aurum. Mzaha huu huishi katika maandishi tu: mdomoni sisi wa Kivu husema "ao", na kemia inapotea. Tena dhahabu kwa Kifaransa ni "or", na "or" ya Kiingereza ni "au", mduara umefunga!

Ila katika mantiki ya hisabati, "p au q" ni kweli hata kauli zote mbili zikiwa kweli. Baadaye aliandika kwamba anachimba ili apate malipo ya chuo. "Au" yake ilikuwa hiyo; sisi tuliisoma kama ya kuchagua.