Kuunganisha Majedwali ya Msamiati: Kioanishi cha Kanzidata katika Utafiti wa Lugha za Nyanda za Juu Kusini

1.0 Utangulizi

Makala haya yana madhumuni ya kueleza namna majedwali ya msamiati yanavyounganishwa na kuulizwa kwa kutumia kompyuta, na kuonyesha kwamba namna ya kuunganisha huamua ni maneno gani yatakayoonekana katika kamusi na ni yapi yatakayopotea bila mtafiti kujua. Mifano inatokana na lugha za Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, hususan Kihehe. Kanzidata inayojadiliwa ni ya kubuni. Imechukuliwa kana kwamba inaandaliwa na wanafunzi wa uzamili walioko Kihesa, mjini Iringa, mahali ambapo Kihehe, Kibena, Kikinga na Kiswahili husikika katika soko moja.

Ukusanyaji wa msamiati wa Kihehe una historia ndefu. Velten alichapisha maelezo ya lugha hiyo mwaka 1899, na Cassian Spiss, mmisionari Mbenedikto, akachapisha orodha ya maneno mwaka 1900. Baadaye, Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001 ulishughulikia lugha nyingi za nchi na kutoa atlasi yake mwaka 2009. Mtafiti wa leo, basi, hana budi kuweka pamoja data za vyanzo vyenye tahajia, malengo na nyakati tofauti. Daftari moja halitoshi kwa kazi hiyo, wala jedwali moja.

2.0 Majedwali na Uhusiano Wake

Msingi wa kanzidata ya majedwali uliwekwa na Edgar F. Codd katika makala yake ya mwaka 1970. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, kila jambo huandikwa mahali pamoja tu, na majedwali mengine hulirejelea kwa ufunguo. Katika kanzidata ya mfano wetu yamo majedwali manne:

(a) LUGHA: msimbo, jina, namba ya Guthrie.
(b) NENO: namba, umbo, ngeli, lugha.
(c) KISAWE: namba, neno, kisawe cha Kiswahili, uwanja, hadhi.
(d) TAJO: namba, neno, chanzo, tahajia ya chanzo.

Katika jedwali la LUGHA, Kihehe kina msimbo heh na namba G62. Kibena kina bez na G63. Kikinga kina zga na G65. Kinyakyusa kina nyy na M31. Katika jedwali la NENO jina la lugha halirudiwi. Huandikwa msimbo peke yake.

Mwanaisimu hapaswi kuona ugeni katika utaratibu huu. Katika sentensi “Kitabu alichokisoma kimepotea”, kiambishi -cho- hakibebi maana ya kitabu. Kazi yake ni kurejelea nomino iliyokwisha kutajwa. Ufunguo wa kurejelea hufanya kazi hiyo hiyo. Na kama vile o-rejeshi isiyo na nomino inayolingana nayo huifanya sentensi isieleweke, ndivyo ufunguo usio na mstari unaorejelewa unavyoifanya kanzidata kuwa batili.

Uamuzi wa kugawa majedwali ni uamuzi wa kileksikografia. Neno la Kiswahili “kaa” laweza kuwa mnyama wa majini, kipande cha moto, au kitenzi. Iwapo yataandikwa katika mistari mitatu ya NENO, mtafiti amezichukua kuwa homonimu. Iwapo utaandikwa mstari mmoja wenye maana tatu, amezichukua kuwa polisemia. Kompyuta haitoi uamuzi huo. Humlazimisha mtafiti kuutoa mwenyewe.

3.0 Dhana ya Kioanishi

Lugha ya kuuliza kanzidata iitwayo SQL ilibuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce katika kampuni ya IBM mnamo mwaka 1974. Programu nyingi za leo, hata hivyo, huandikwa katika lugha zinazotazama ulimwengu kama vitu vyenye sifa: neno ni kitu, na ngeli ni sifa yake. Programu inayopatanisha mitazamo hii miwili, yaani kukifanya kila kitu kilingane na mstari wa jedwali, itaitwa hapa kioanishi. Miongoni mwa vioanishi vinavyojulikana ni Hibernate (2001), Django (2005) na SQLAlchemy (2006). Mifano ya makala haya ni ya Django, ambayo hutumia lugha ya Python.

Kwa kutumia kioanishi, ulizo la kutafuta maneno yote ya Kihehe huandikwa hivi:

Neno.objects.filter(lugha__jina="Kihehe")

Mistari miwili ya chini iliyo kati ya “lugha” na “jina” huamuru kuvuka kutoka jedwali la NENO hadi la LUGHA. Mtafiti hakutaja muungano wowote, lakini kioanishi kimeutunga kwa niaba yake. Hapo ndipo penye manufaa, na hapo ndipo penye hatari: muungano usioonekana haukaguliwi.

4.0 Aina za Muungano na Hatima ya Maneno

4.1 Muungano wa ndani na wa nje

Muungano wa ndani hutoa mistari yenye mwenzi katika majedwali yote mawili. Muungano wa nje wa kushoto hutoa mistari yote ya jedwali la kwanza, iwe na mwenzi au isiwe nao. Tofauti hii ni ndogo kwa mpangaji wa programu wa duka, kwa kuwa kila mauzo yana bidhaa. Kwa mwanaleksikografia ni kubwa mno.

Tuchukue maneno mawili. Neno “lilinga”, lenye kiambishi li- cha ngeli ya 5, ambalo huelezwa kuwa asili ya jina Iringa, lina kisawe “ngome”. “Kamwene” ni salamu. Hakuna neno moja la Kiswahili linalochukua nafasi yake, hivyo mkusanyaji makini ataacha jedwali la KISAWE bila mstari wake. Sasa ulizo lifuatalo linaanzia katika visawe:

Kisawe.objects.select_related("neno")

Ulizo hili litaleta “lilinga” na kuacha “kamwene”. Halitatoa onyo lolote. Orodha itakayochapishwa itakuwa nadhifu, kila neno likiwa na kisawe chake, na msomaji ataamini kwamba huo ndio msamiati wa Kihehe. Kumbe kilichochujwa ni yale maneno ambayo Kiswahili hakina: salamu, istilahi za jadi, majina ya mimea na ya vyombo. Maneno hayo ndiyo yaliyo katika hatari kubwa ya kusahauliwa, na ndiyo yaliyomleta mtafiti uwandani.

Ulizo sahihi huanzia katika NENO, kisha huleta visawe vilivyopo. Aidha, maneno yasiyo na kisawe yaweza kuulizwa waziwazi:

Neno.objects.filter(visawe__isnull=True)

Matokeo ya ulizo hili yafaa yahesabiwe kuwa orodha ya kazi: maneno yanayohitaji maelezo badala ya kisawe.

4.2 Ulinganishi wa lugha

Hatari hiyo hiyo hujitokeza katika takwimu za msamiati, mkabala uliotumiwa na Nurse na Philippson katika uchunguzi wao wa lugha za Kibantu za Afrika Mashariki uliochapishwa mwaka 1980. Tuseme orodha ina dhana 200. Kihehe kimejazwa dhana 190, Kibena 150, na dhana zilizojazwa kwa lugha zote mbili ni 145. Maneno yenye asili moja ni 116. Muungano wa ndani utagawanya 116 kwa 145 na kutoa asilimia 80. Mtafiti atakayegawanya kwa 200 atapata asilimia 58.

Mgawanyo wa kwanza una hoja nzuri, kwani pengo katika data si ushahidi wa tofauti ya lugha. Kasoro si kuuchagua, bali ni kuchaguliwa na programu. Isitoshe, Kibena kikilinganishwa na Kikinga, idadi ya dhana zilizojazwa kwa pamoja itakuwa nyingine. Asilimia zitawekwa katika jedwali moja kana kwamba zina kigawanyo kimoja, ilhali kila moja ina chake.

4.3 Masharti mawili juu ya kisawe

Tuangalie maulizo haya:

(i) Neno.objects.filter(visawe__uwanja="kilimo", visawe__hadhi="sanifu")
(ii) Neno.objects.filter(visawe__uwanja="kilimo").filter(visawe__hadhi="sanifu")

La kwanza linadai kisawe kimoja chenye sifa zote mbili. La pili linaridhika iwapo neno lina kisawe kimoja cha kilimo na kingine, hata cha uwanja tofauti, kilicho sanifu. Tofauti yake ni ile iliyoko kati ya “mwanafunzi mwenye kitabu kipya cha sarufi” na “mwanafunzi mwenye kitabu kipya na mwenye kitabu cha sarufi”. Mwanasarufi anayeitambua tofauti hiyo katika sentensi hana sababu ya kutoitambua katika ulizo.

4.4 Kuhesabu kupita kiasi

Muungano waweza pia kuongeza kisichokuwapo. Neno lenye visawe viwili na matajo matatu, likiunganishwa na majedwali yote mawili kwa pamoja, hutoa mistari sita, kwa kuwa kila kisawe huambatanishwa na kila tajo. Hesabu ya kawaida itasema visawe ni sita na matajo ni sita. Mtafiti anayedai kwamba neno limethibitishwa mara sita katika vyanzo atakuwa amesema uongo bila kukusudia. Dawa yake ni kuamuru hesabu ya vitu vilivyo tofauti, yaani kuongeza sharti distinct=True katika kila hesabu, au kuhesabu kila uhusiano katika ulizo lake.

5.0 Gharama ya Maulizo

Suala jingine ni wingi wa maulizo. Programu ikileta maneno 4,000 kisha, kwa kila neno, ikauliza jina la lugha yake, maulizo yatakuwa 4,001: moja la orodha, na moja kwa kila neno. Kanzidata ikiwa katika kompyuta iliyo mezani, ucheleweshaji waweza usionekane. Ikiwa katika seva ya mbali, na mtandao ukiwa hafifu, kazi ya sekunde huwa ya dakika, na mtafiti hushawishika kupunguza data yake ili programu iende.

Kioanishi hutoa njia mbili. Pale ambapo kila neno lina mwenzi mmoja tu, kama lugha, select_related("lugha") huunganisha majedwali katika ulizo moja. Pale ambapo neno lina wenzi wengi, kama visawe, prefetch_related("visawe") hutuma maulizo mawili, moja la maneno na moja la visawe vyake vyote, kisha huvipanga ndani ya programu. Njia hii ya pili ina faida ya ziada: neno lisilo na kisawe hubaki katika orodha, likiwa na nafasi tupu tu. Hapa, wepesi wa kazi na uaminifu kwa data huenda pamoja.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kioanishi hurahisisha uandishi wa maulizo, lakini hakimwondolei mtafiti wajibu wa kujua muungano uliotumika. Muungano wa ndani hufuta kimyakimya, muungano wa mahusiano mengi huongeza kimyakimya, na masharti yaliyotenganishwa hubadili maana ya swali.

Kwa hiyo inapendekezwa mambo matatu. Kwanza, tasnifu inayotegemea kanzidata ieleze mpangilio wa majedwali na maulizo yake, kama inavyoeleza uteuzi wa wasailiwa. Pili, idadi ya maneno kabla na baada ya kila muungano itajwe, ili pengo lionekane. Tatu, maneno yasiyo na kisawe yachapishwe pamoja na mengine, yakiwa na maelezo. Mzee aliyeketi na mtafiti huko Kihesa na kumtajia maneno hakuyachagua kwa kigezo cha kuwa na visawe vya Kiswahili. Kamusi itakayotokana na maneno hayo haina haki ya kuyachuja kwa kigezo ambacho hata mwandishi wake hakukichagua.