KWA NINI BUNDUKI HUPIGA TEKE, NA JINSI YA KULIPUNGUZA

Katika masomo ya fizikia twafundishwa sheria tatu za mwendo ambazo Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza, alizitoa katika kitabu chake cha mwaka 1687. Sheria ya tatu yasema kwamba kila nguvu ina nguvu nyingine iliyo sawa nayo, ielekeayo upande wa pili. Wengi wetu huikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tukaiacha darasani. Leo napenda kuwaonyesha wasomaji wenzangu kwamba sheria hiyo yaweza kutoka darasani ikaenda shambani, ikamsaidia mtu mwenye mwili mdogo kufanya kazi ambayo watu walisema haiwezi.

Jambo lenyewe ni teke la bunduki ya marisau. Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba bunduki si kitu cha kuchezea. Hugusi bunduki pasipo kibali cha serikali, wala pasipo mtu mzima aijuaye. Lakini kuelewa jinsi inavyofanya kazi hakumdhuru mtu. Kinachodhuru ni kutojua.

Bunduki ya marisau ni ya namna gani

Bunduki hii si sawa na ile ya risasi moja. Mtutu wake ni laini ndani. Ganda lake lina baruti, kizibo, na punje nyingi ndogo za madini ya risasi ziitwazo marisau, ambazo hutoka pamoja na kutawanyika kadiri ziendavyo. Kwa hiyo hufaa kwa ndege arukaye au akimbiaye, wala haifai kwa mnyama mkubwa aliye mbali.

Ukubwa wa mtutu hutajwa kwa namba. Ukichukua ratili moja ya risasi, yaani gramu 454, ukaigawanya katika tufe 12 zilizo sawa, tufe moja hutosha barabara katika mtutu wa namba 12. Ukiigawanya katika tufe 20, tufe moja hutosha mtutu wa namba 20. Basi namba ikizidi, mtutu hupungua: wa namba 12 una upana wa milimita 18.5 hivi, na wa namba 20 milimita 15.6.

Habari ya shangazi yangu

Kwetu twalima mahindi na karanga, na adui yetu wakati wa kupanda ni kanga. Huja alfajiri kwa makundi, wakaifukua mbegu mstari kwa mstari kama waliohesabu mashimo. Shangazi yangu ni mjane. Aliachiwa na marehemu mumewe bunduki moja ya mtutu mmoja, namba 12, naye akaenda ofisini akaandikishwa kibali kwa jina lake mwenyewe, pamoja na ruhusa ya kupiga kanga shambani mwake.

Shangazi ni mfupi, kimo chake sentimita 150, na uzito wake kilo 48. Kila alipofyatua, bunduki ilimpiga teke kali hata mkono ukawa na alama nyeusi karibu na bega. Baada ya siku chache akawa anafumba macho kabla ya kufyatua. Marisau yakaenda juu au yakaenda chini. Mara nyingine kanga alijeruhiwa tu akakimbilia vichakani kufa polepole. Majirani wakamwambia, "Hiyo ni bunduki ya mwanamume. Iuze." Shangazi hakutaka kuiuza, maana mbegu za mwaka huo alikuwa amezinunua kwa mkopo.

Mzee mmoja wa kijiji chetu, aliyekuwa zamani askari wa wanyama pori, alimchunguza kwa njia ya werevu. Alimpa bunduki ambayo yeye mwenyewe ameijaza, pasipo kumwonyesha kama ni ganda zima au ganda la mazoezi lisilo na baruti. Shangazi akalenga, akavuta. Bunduki haikulia, lakini sote tuliona mtutu ukizama chini na mabega yakiruka. Mzee akasema, "Mama, huna kosa la shabaha. Mwili wako unalingoja teke. Tuliondoe teke, shabaha itarudi yenyewe." Ndipo nami nikachukua daftari langu la fizikia.

Hesabu ya teke

Kitu chochote kiendacho kina momenta, nayo hupatikana kwa kuzidisha uzito wake kwa kasi yake. Marisau yaendapo mbele na momenta fulani, bunduki hurudi nyuma na momenta iyo hiyo.

Maganda aliyoyatumia shangazi yalikuwa na gramu 32 za marisau. Tukiongeza kizibo cha gramu 3, jumla ni gramu 35, yaani kilo 0.035. Kasi yake itokapo mtutuni ni kama mita 400 kwa sekunde. (Gesi ya baruti nayo huongeza kidogo, lakini tuiache ili hesabu iwe nyepesi.)

Momenta: 0.035 mara 400 = 14.

Bunduki yenyewe ilikuwa nyepesi, kilo 2.5 tu. Basi kasi yake ya kurudi nyuma ni 14 gawanya kwa 2.5, yaani mita 5.6 kwa sekunde. Nishati ya teke ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi:

0.5 mara 2.5 mara 5.6 mara 5.6 = jouli 39.2.

Ili tuone maana yake, jiwe la kilo 4 likiangushwa kutoka kimo cha mita 1 hufika chini na nishati hiyo hiyo. Fikiri basi mtu wa kilo 48 akiangushiwa jiwe hilo begani kila afyatuapo!

Dawa ya kwanza: ganda jepesi

Tulibadili maganda, tukachukua yenye gramu 24 za marisau, kwa kasi ile ile. Pamoja na kizibo ni kilo 0.027, na momenta yake ni 10.8. Bunduki hurudi kwa mita 4.32 kwa sekunde, na nishati yashuka mpaka jouli 23.3. Kwa kubadili ganda peke yake tumeondoa sehemu 40 katika 100 za teke.

Mtu asidhani kwamba ganda jepesi ni la kitoto. Katika mashindano ya Olimpiki ya kupiga visahani virushwavyo hewani, marisau hayaruhusiwi kupita gramu 24. Na ni vema tukumbuke habari ya Zhang Shan, mwanamke wa China. Mwaka 1992 kule Barcelona, wanawake na wanaume walishindana pamoja katika mchezo uitwao skiti, naye akawashinda wote, akipiga visahani 223 katika 225. Ashindaye ni yule ambaye macho yake yako wazi wakati wa kufyatua.

Dawa ya pili: bunduki nzito kidogo

Wengi hudhani kwamba mtu mdogo apewe bunduki nyepesi. Hesabu yasema kinyume chake. Momenta ikiwa ni ile ile, bunduki nyepesi hurudi kwa kasi zaidi. Tulimpelekea fundi wa bunduki mwenye leseni, akatoboa kitako na kutia kipande cha risasi, na kingine akakitia katika mti wa mbele ili mizani isiharibike. Jumla aliongeza nusu kilo. Sasa bunduki ni kilo 3.0: 10.8 gawanya kwa 3.0 ni mita 3.6 kwa sekunde, na nishati ni jouli 19.4. Jiwe letu la kilo 4 limekuwa la kilo 2.

Lakini kuna mpaka. Bunduki ikiwa nzito mno, mikono ya mtu mdogo hutetemeka, na mtutu hauwezi kumfuata ndege. Basi hapa hapana sheria ila kupima na kujaribu.

Dawa ya tatu: mpira nyuma ya kitako

Mtu adakaye yai huyarudisha mikono nyuma pamoja nalo. Yai halipasuki, kwa kuwa limesimamishwa kwa muda mrefu zaidi. Nguvu ni badiliko la momenta likigawanywa kwa muda. Muda ukizidi, nguvu hupungua. Kipande cha mpira laini kikifungwa nyuma ya kitako hufanya kazi hiyo hiyo. Momenta haipungui hata chembe, lakini pigo huwa msukumo. Tena mpira hugusa sehemu pana ya bega, na nguvu ikienea mahali papana haichomi.

Bunduki zijijazazo kwa nguvu ya gesi nazo hulirefusha teke kwa namna hii. Lakini bunduki ya shangazi haikuwa ya aina hiyo.

Dawa ya nne: kipimo cha kitako

Nashangaa kwamba watu hupimiwa viatu na nguo, lakini bunduki huchukuliwa kama ilivyotoka kiwandani. Urefu wa kitako hupimwa kutoka pale kidole kinapovuta mpaka katikati ya mwisho wa kitako. Vitako vingi vya viwandani vina sentimita 36 hadi 37, navyo vimekusudiwa mwanamume wa kimo cha kawaida. Mtu mfupi huhitaji 33 au 34. Kitako kikiwa kirefu, hukwama chini ya kwapa, na mtu hulazimika kukiweka juu ya mkono badala ya ndani ya bega, kisha hujipinda nyuma ili kuuinua mtutu. Hapo ndipo alama nyeusi za shangazi zilipotoka. Fundi alikata mbao, akihesabu na unene wa mpira, hata urefu wote ukawa sentimita 33.5. Sasa pua ya shangazi yakaa vidole viwili au vitatu nyuma ya kidole gumba cha mkono ushikao kitako, kama ipasavyo.

Dawa ya tano: kusimama

Mzee alimfundisha kusimama mguu wa kushoto mbele, goti limelegea kidogo, uzito wa mwili ukiegemea mbele. Kitako kiwe ndani ya kishimo cha bega, kimevutwa imara, na shavu juu ya mti. Pakiwa na nafasi kati ya kitako na bega, bunduki hupata kasi yake yote kabla ya kugusa mwili, ikapiga kama nyundo. Ikiwa imeshikamana, mwili na bunduki hurudi kama kitu kimoja, na uzito wa kitu hicho ni mkubwa.

Akamtilia na vizibo masikioni. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, nao huharibu masikio kabisa. Zaidi ya hayo, mwili huuogopa mlio kama uliogopavyo teke.

Onyo juu ya namba 20

Watu wengine watauliza, "Kwa nini asinunue bunduki ya namba 20?" Ni shauri jema, maana maganda yake kwa kawaida huwa mepesi. Lakini bunduki zenyewe mara nyingi ni nyepesi pia, na ganda zito katika bunduki nyepesi hupiga teke lile lile la zamani. Tena kuna hatari kubwa. Ganda la namba 20 likitiwa katika mtutu wa namba 12 huteleza likakwama ndani. Mtu akiona pako wazi, akatia ganda la namba 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka karibu na mkono na uso wake. Ndiyo maana maganda ya namba 20 hufanywa ya rangi ya manjano. Katika nyumba yenye bunduki zote mbili, maganda yake yasikae pamoja kamwe.

Shangazi alifanya mazoezi siku nyingi kwa ganda la mazoezi, kisha kwa karatasi iliyotundikwa mbele ya kichuguu, hatua 25. Mara ya kwanza alipopiga, alituuliza, "Imelia?" Hakuwa amefumba macho. Mbegu zake za karanga ziliota mwaka ule.

MAZOEZI

1. Bunduki ya kilo 3.2 yarusha marisau na kizibo vyenye jumla ya gramu 32, kwa kasi ya mita 400 kwa sekunde. Tafuta kasi ya kurudi nyuma na nishati ya teke.

2. Momenta ya 10.8 yasimamishwa kwa sekunde 0.01, kisha kwa sekunde 0.02. Tafuta nguvu ya wastani katika kila hali, na useme ni dawa gani katika somo hili iletayo tofauti hiyo.

3. Rafiki yako mwembamba ataka kununua bunduki iliyo nyepesi kuliko zote dukani, ili isimchoshe. Mwandikie barua fupi ya kumweleza faida na hasara.

(Jibu la swali la 1: mita 4 kwa sekunde, jouli 25.6.)